Kaimu Mkuu wa Anwani Zilizokosewa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku mbaya. Naona kabisa na wiki itakuwa hivyo hivyo.

Mkurugenzi wetu, Mama Paskazia, alikuwa na wageni. Wanunuzi wa minofu ya sangara kutoka nje, watu wa suti, wamekaa chumba cha mikutano wanatazama picha ukutani. Akataka kuwaonyesha tovuti ya kiwanda. Akaandika anwani mwenyewe, kwa haraka, na pete zake zote vidoleni. Akakosea. Siku zote ukikosea anwani, kompyuta inakwambia haijaiona, unarudia, yamekwisha. Leo hapana! Ukuta mzima ukajaa tangazo la kubeti. Mwanamke mwenye nguo chache anawakaribisha wageni wetu waweke mkeka. Wageni wakacheka. Mama Paskazia hakucheka.

Nikaitwa. Nikaulizwa kama hivyo ndivyo ninavyotumia intaneti ya kiwanda. Mimi! Kaimu Mkuu wa TEHAMA! Nikaeleza kwamba wa kulaumiwa ni kampuni inayotuuzia intaneti. Tangu mwisho wa wiki, kila jina lisilokuwepo duniani wanalidaka na kulipeleka kwenye ukurasa wao wa matangazo. Hawakumwambia mtu. Nilieleza vizuri sana, kwa mifano. Mama Paskazia akasema anataka kitu hicho kiondoke, hajaomba semina.

Na Nkwabi alikuwepo, amesimama mlangoni, anatikisa kichwa kwa huzuni. Nkwabi ni kijana wa juzi tu katika kitengo changu, katoka chuo Dodoma. Kila asubuhi ananipa shikamoo kwa sauti, mbele za watu, ili wote wajue nimezeeka.

Niandike hapa jambo lenyewe, nisije nikalipoteza kwa hasira. Nakaimu nafasi hii tangu mzee aliyenitangulia alipostaafu. Kila mwaka barua inakuja: endelea kukaimu hadi utakapojulishwa vinginevyo. Watoto wangu wote wamezaliwa mimi nakaimu. Sasa nafasi imetangazwa rasmi. Usaili ni Ijumaa ya wiki ijayo, mbele ya Bodi. Walioomba ni mimi na mwenye shikamoo zake. Nikiikosa hii, nitazeeka nikiwa kaimu, na kwenye kaburi wataandika kaimu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda mjini, ofisi ya hao watu wa intaneti. Dada wa mapokezi akanisikiliza huku anatabasamu. Akasema ule ukurasa ni huduma mpya ya kumsaidia mteja aliyepotea. Nikamwambia sijapotea. Akasema ndiyo maana sioni umuhimu wake. Nikataka kumwona meneja. Meneja yuko semina. Akanipa kofia yenye rangi za kampuni. Nikaikataa. Kisha nikaichukua, jua lilikuwa kali.

Nimerudi nikaamua kumaliza mwenyewe. Nimeandika amri kwenye mtambo wetu: chochote kinachohusiana na ule ukurasa kizuiwe. Kazi safi, ya mtu mzoefu. Nikampigia Mama Paskazia nikamwambia awe na amani, nimeshalidhibiti. Akaniuliza nimedhibiti nini. Alikuwa saluni, ameshasahau.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimewahi misa ya asubuhi, nimepakwa majivu, nimeweka nia. Kwaresima hii sitaacha nyama wala soda. Nitaacha kinyongo. Ni jambo kubwa zaidi, na halina gharama.

Nimekaa bila kinyongo hadi saa ya chai.

Barua pepe zimevurugika. Mtambo wetu wa kuchuja barua za matapeli una njia moja rahisi: unauliza kama nyumba ya mwandishi, yaani jina la tovuti anakotoka, ipo. Tapeli hubuni jina, jina halipo, barua inatupwa. Sasa kwa hawa watu wa intaneti kila jina la uongo linajibiwa kwamba lipo! Matapeli wote wameingia. Sabina wa mapokezi amepata wachumba wengi kuliko alivyowahi kupata maishani, wote wajane, wote matajiri. Na ile amri yangu ya jana, kwa sababu nisizozielewa hadi sasa, imezuia barua za wanunuzi wa kweli. Oda ya minofu imekwama. Samaki wako kwenye barafu, wafanyakazi wamekaa na makoti yao meupe wanapiga soga.

Nkwabi akabisha hodi. Akaomba ruhusa. Akasema shikamoo kaka, akakaa kwenye kiti changu, akafuta amri yangu, akauelekeza mtambo wetu uwe unauliza majina mahali pengine kabisa, si kwa hao wauza intaneti. Chai yangu haijapoa, mambo yakanyooka. Barua zikaanza kushuka. Watu wakapiga makofi! Mama Paskazia akamwita kijana mzuri. Mimi akaniambia nimshukuru.

Nimemshukuru. Na majivu yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Yangu padre alipitisha tu kidole.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamka nimejua!

Siku zote hizi nimepigana na makosa ya watu, kumbe makosa ya watu ni shamba. Katika kiwanda hiki hakuna mtu anayeandika anwani ikatoka sawa. Kibodi za upande wa kupokea samaki zina magamba. Walinzi wanaandika tu "mpira leo" wanasubiri goli. Makosa haya yote, tangu Nkwabi afanye uchawi wake, yanaishia kwenye ukurasa mweupe. Hasara tupu. Kama kampuni ya nje inaweza kuwakusanya waliokosea na kuwaonyesha kamari, kwa nini Kaimu asiwakusanye na kuwaonyesha Kaimu?

Mtambo uko chini yangu. Nimeuamuru: jina lolote lisilokuwepo, mlete mtu huyo kwenye ukurasa wangu. Hadi Ijumaa ijayo kiwanda kizima kitakuwa kimenisoma, na wajumbe wa Bodi nao, maana wakija huwa wanatumia intaneti yetu na wanakosea kuliko walinzi.

Ukurasa nimeutengeneza kwa mikono yangu. Picha: ile ya suti, niliyopiga kwenye harusi ya shemeji, uso hauna mzaha. Pambo nimelikuta bure mtandaoni: fremu nyeusi, maua meupe kwenye pembe. Zito, lenye heshima. Jina langu kamili, Jovinary Rugambwa. Chini yake miaka ya utumishi wangu, 2013 – 2025. Kisha maneno. Kujisifu mwenyewe ni aibu, kwa hiyo nimeandika kama vile mtu mwingine ananisema: "Alikuwa nguzo ya TEHAMA tangu kiwanda kikiwa na kompyuta moja. Hakuchoka. Hakulalamika. Tutamkumbuka kila intaneti itakapokatika." Mwisho nimeweka namba yangu ya simu kwa taarifa zaidi.

Nimeusoma mara nyingi. Nimetokwa machozi kidogo. Odeta sikumwonyesha. Mke wangu ni mtu wa kusema acha.

Ijumaa, 7 Machi

Ukurasa umefunguliwa saa ya mapumziko ya chai. Sasa sehemu ya pili ya mpango.

Waone picha yangu, vizuri. Lakini pia wanikose. Nikiwepo kila siku hakuna anayeona kazi yangu. Kwa hiyo nimemwambia Mama Paskazia kwamba antena ya kituo chetu cha kupokelea samaki kule Kigongo inayumba, naenda kuishughulikia, nitarudi Jumatatu. Akasema sawa bila kuinua macho. Odeta nimemwambia hivyo hivyo. Akanifungia chapati.

Antena haiyumbi. Niko Bujora! Nimekuja kwa Kija, tuliyesoma naye sekondari, anafuga kuku karibu na makumbusho. Simu nimeizima stendi ya Buzuruga kabla sijapanda gari. Intaneti ikatike sasa. Mambo yawachachie. Wanitafute, wasinipate, ndipo watajua walikuwa na nani.

Jumamosi, 8 Machi

Bujora pametulia. Wanafunzi wamekuja kutembelea makumbusho, wamepiga ngoma hadi kuku wa Kija wakaacha kula. Kija akataka kujua kwa nini najificha. Nikamweleza mpango wote. Akasema yeye kwa ufahamu wake mdogo, anayetaka kuonekana hajifichi. Ndiyo maana yuko na kuku.

Nimelala mchana. Nimewaza simu zinavyopigwa. Mama Paskazia anapiga, haipatikani. Nkwabi jasho linamtoka, mtambo umemshinda, anapiga, haipatikani. Sijapata usingizi mtamu kama huu tangu nianze kukaimu.

Jumapili, 9 Machi

Nitaandika yalivyokuwa.

Nimerudi mapema kuliko nilivyopanga, kwa sababu mke wa Kija aliuliza mara ya pili naondoka lini. Nimeshuka Buzuruga mchana, nimeingia mtaani kwetu. Turubai! Viti vya plastiki hadi mlango wa jirani, spika, masufuria juu ya mafiga, wanakwaya wamevaa sare. Nikajua ni yule mzee wa nyumba ya pili, alikuwa anakohoa tangu Krismasi. Nikaudhika kidogo. Wametandika viti hadi kwangu, napitaje?

Lakini mtu hapiti tu katikati ya wafiwa kama hana adabu. Nikashusha ile kofia ya watu wa intaneti hadi kwenye nyusi, nikakaa nyuma kabisa, karibu na masufuria. Nikaletewa sahani. Wali na maharage. Nikala.

Jirani yangu alikuwa mzee wa jumuiya ya mtaa wa chini, sikumfahamu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akasema mambo ya Mungu haya. Nikauliza nani katutoka. Akasema kijana mmoja wa kiwanda cha samaki, mtu wa kompyuta. Alitumwa Kigongo juzi, hakufika. Mwili bado unatafutwa. Wengine wanasema ni barabarani, wengine wanasema ni majini.

Mungu anisamehe, na Kwaresima ndiyo kwanza imeanza. Nilijua ni Nkwabi. Bila shaka mambo yalimshinda, akatumwa Kigongo kunifuata. Nikakumbuka ana shangazi mtaa huu, au nilidhani anaye. Moyo wangu uliruka mara moja, nikaushika.

Nikamuuliza mzee marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Akasema hakumjua, ila kwa anavyosikia tangu asubuhi, alikuwa na maneno mengi, anajiona, hata jumuiya walishagombana naye kwa sababu ya viti. Nikasema ndiye huyo huyo. Nikaongeza kwamba alikuwa na tamaa ya cheo kupita kiasi. Mzee akasema marehemu tusimseme. Nikamwambia ukweli lazima usemwe.

Ndani kulikuwa na mwanamke analia. Analia kwa sauti, bila kupumzika, hadi maneno ya kwenye spika yanapotea. Ilinikera, maana Mama Paskazia alikuwa ameshika maiki na nilitaka kumsikia. Akasema kiwanda kimepata pigo. Sabina akaweka mezani picha na mshumaa. Kwa mbali niliona fremu nyeusi na maua meupe, nikawaza, fremu nzuri, kama yangu. Halafu pembeni ya Mama Paskazia akasimama mtu mwenye leso nyeupe, anajifuta macho.

Nkwabi. Mzima. Amenyoa vizuri.

Nilikuwa bado na wali mdomoni. Mama Paskazia akaendelea. Akasema mioyo ni mizito lakini samaki hawasubiri. Kwamba nafasi ya Mkuu wa TEHAMA, ambayo marehemu Jovinary aliikaimu kwa uvumilivu, kuanzia leo anapewa Nkwabi, tena moja kwa moja, hakuna kukaimu. Na kwamba usaili hautakuwepo tena, kwa kuwa mwombaji aliyebaki ni mmoja.

Nikasimama. Natamani ningeweza kuandika hapa kwamba nilisema niko hai. Sikusema hivyo. Nilipiga kelele: usaili ni Ijumaa!

Viti vikaanguka. Mzee wa marahaba alikimbia na sahani yake. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Sabina akazimia, wakamwagia maji. Nkwabi, namsifu kwa hili, alisimama pale pale akasema shikamoo.

Kisha Odeta akatokea mlangoni. Kanga nyeusi kichwani, uso umevimba. Akanitazama. Watu wakampisha njia. Akaja hadi mbele yangu, akanizaba kibao. Kisha akanishika shati, akanikumbatia nalo, akalia, hakuliachia hadi likachanika. Mimi nilikuwa namwambia Mama Paskazia, juu ya bega la Odeta, kwamba taratibu za ajira haziruhusu jambo hili.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepewa ruhusa ya kupumzika. Sikuiomba.

Nimeshajua ilivyokuwa. Ijumaa mchana Sabina alikosea anwani, akaniona mimi, na fremu, na maua, na alikuwa, na tutamkumbuka. Akapiga yowe. Wengine wakakimbilia kompyuta zao kuhakikisha, na kwa kutetemeka wakakosea nao, wakaniona. Wakapiga namba yangu, haipatikani. Wakampigia Masele, msimamizi wa kituo cha Kigongo. Masele akasema sijafika, na antena yake haina tatizo lolote. Ndipo Sabina na akina mama wenzake wakaja nyumbani, wakamkalisha Odeta chini kwanza, wakamwambia.

Hakuna aliyejiuliza nani kautengeneza ule ukurasa. Nimewauliza. Wanasema walidhani ni Nkwabi, kwa sababu ulikuwa umetengenezwa vizuri.

Kaka yangu Yakobo kapiga simu kutoka Muleba. Anasema nimewaaibisha. Kaburi walishalichimba kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, Jumamosi, na kaburi likishachimbwa wazee hawakubali liachwe wazi, kwa hiyo leo wamezika mgomba badala yangu. Nikamuuliza wamechimba upande gani. Akasema kule nyuma kwenye mawe. Waitu, jamani! Kule hata kahawa haioti! Nikamkumbusha kwamba baba aliniachia upande wa mbele, wa barabarani. Akasema upande wa mbele kikao cha ukoo kimeshampa mwanawe. Nikakata simu. Imeniuma. Ndugu yangu wa tumbo moja hakusubiri hata mwili.

Odeta hasemi na mimi. Anapika, anapakua, anakaa na watoto. Suti yangu nimeikuta imening'inia mlangoni, imefuliwa, imepigwa pasi, na shati jeupe. Nilimuuliza ameandaa ya nini. Akaendelea kupika. Nilipofikiri nikaelewa ilikuwa ya kunizikia. Hata hivyo imenyooka vizuri, itafaa kwa usaili.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kazini. Mashine ya alama za vidole imenikataa. Nimefuta kidole, nimekitia mate, imenikataa. Mlinzi anayenijua tangu ana nywele akaniambia nisubiri nje, jina langu limetolewa.

Nkwabi akaja kunichukua. Akaeleza kwa upole kwamba utaratibu unataka mtumishi akifariki afungiwe kila kitu mara moja, kwa usalama wa mtandao, na yeye alifuata utaratibu. Nikamwambia utaratibu huo niliuandika mimi. Akasema anajua, na umeandikwa vizuri. Basi siwezi kuingia hata kuufuta ukurasa wangu mwenyewe! Bado upo, bado kila anayekosea ananikuta na maua. Nikamwomba aufute yeye. Akasema alikuwa hajaugusa kwa heshima tu, ataangalia.

Mama Paskazia alinipokea amesimama. Nikamwambia kwa kuwa sikufa, uteuzi ule haupo, turudi kwenye usaili. Akasema uteuzi upo. Nikauliza kosa langu ni lipi. Nilijiandaa kwa mambo mengi: uongo wa antena, simu, ukurasa. Hakutaja hata moja. Akasema tangu Ijumaa hadi juzi, siku nilizokuwa marehemu, hakuna mtu hata mmoja aliyelalamika kuhusu intaneti.

Nimeyarudia maneno hayo njia nzima hadi nyumbani. Ni maneno ya chuki tu.

Ofisi ya utumishi inasema kunirudisha kwenye orodha ya watumishi walio hai kutachukua muda, barua lazima ipite kwa watu kadhaa. Kwa sasa nikae mapokezi. Sabina amesogeza kiti chake hadi ukutani. Nikimpa kalamu anasema niiweke mezani kwanza.

Alhamisi, 13 Machi

Leo Odeta amesema.

Nilikuwa nakunywa chai. Akakaa mbele yangu, akauliza Jumapili nilikuwa nimekaa wapi. Nikamwambia nyuma, karibu na masufuria. Akauliza tangu saa ngapi. Nikamwambia tangu kabla ya chakula, na kwamba wali ulikuwa mzuri, nilitaka kumpa sifa zake. Akasema hakuupika yeye. Akauliza kama nilimsikia analia ndani.

Mimi si mwongo. Nikamjibu kwamba nilisikia mtu analia, ila nilidhani ni mke wa mtu mwingine, na isitoshe muda ule Mkurugenzi alikuwa anaongelea nafasi ya kazi, kwa hiyo nilikuwa natega sikio upande ule.

Akatikisa kichwa taratibu. Akaosha vyombo. Akavipanga. Mchana akawachukua watoto, akasema anakwenda kwa mama yake Misungwi kupumzika. Nimembebea begi hadi stendi. Nikamwambia suala la usaili likikaa sawa nitakuja kuwachukua. Akasema nisiharakishe. Ni mwelewa, anajua nina mambo mengi.

Ijumaa, 14 Machi

Leo ndiyo siku ambayo ingekuwa ya usaili. Nimevaa suti tangu asubuhi, nimekaa sebuleni. Nyumba imetulia. Mtu anaweza kufikiri.

Nimemaliza rufaa yangu kwa Bodi. Ni nzito. Hoja ya kwanza ni ya kisheria: usaili ulifutwa kwa sababu ya kifo, kifo hakikutokea, basi na kufutwa hakukutokea. Hoja ya pili inahusu kazi. Nkwabi hatimaye ameufuta ukurasa wangu. Sasa mtu akikosea anwani, anaambiwa tu kwamba haikuonekana. Basi! Hakuna picha, hakuna neno la kumfariji. Kwa siku zile chache mimi niliwakusanya wote waliokosea katika kiwanda kizima, hakuna aliyepotea, wote walifika kwangu. Mtu wa namna gani anakuwa na uwezo kama huo na anauzima?

Lakini hoja kubwa ni ya tatu. Cheo kinataka mtu anayependwa na watu. Nkwabi alipooa mwaka jana, nilikuwepo, viti vilibaki. Kwangu turubai lilifika mlango wa jirani! Kwaya imekuja, jumuiya zimekuja, Mkurugenzi mwenyewe ameshika maiki, watu wamekaa juani bila hata mwili wa kuuaga. Bodi ilinganishe. Nani mwingine katika kiwanda kile anaweza kujaza mtaa kwa kutokuwepo tu?

Tatizo ni ushahidi. Bodi itataka mtu aliyekuwepo tangu mwanzo, aeleze hali ilivyokuwa. Sabina atazimia tena. Kija hakuwepo, ila nimemwomba, amesema ana kuku. Yule mzee wa marahaba sitaki aulizwe alichosikia kutoka kwangu. Nimefikiri hadi kichwa kimeuma, na mtu mwenyewe alikuwa wazi kabisa.

Odeta! Alikuwepo tangu Ijumaa hadi mwisho, na alilia kuliko wote. Hakuna mjumbe atakayemtilia shaka. Nimemtumia ujumbe sasa hivi, nimemwambia aje Jumatatu kwa gari la kwanza, na asisahau kuvaa ile kanga nyeusi.